Makoti ya Kijani na Kioo cha Dukani

Katika ujana wangu niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa cheti cha shule ya usiku, kwamba kioo kirefu kilichosimama katika duka moja la nguo mjini Mwanza kilikuwa kinatunza sura za watu. Sisemi kuzionyesha. Nasema kuzitunza. Ukisimama mbele yake ukajaribu koti, ukajigeuza, ukanyoosha mikono, kisha ukaenda zako, wewe umekwenda lakini sura yako imebaki mle ndani na koti lake mwilini. Duka likifungwa, mwenye duka hukifuta kioo kwa dawa, na sura zote za siku hiyo hujitokeza moja moja kama abiria wanaoshuka melini. Rafiki yake yeyote aweza kukaa kitini, akanywa chai, akatazama nani atavaa nini sikukuu.

Usinicheke kabla sijaeleza. Uvumi ule haukuwa wa wajinga. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alikuwa ametufundisha jinsi picha inavyopigwa: kuna kipande cha kioo kilichopakwa dawa, mwanga ukikigusa, sura inanasa. Na sote tulikwisha kumwona mpiga picha akipachika vioo vyake katika sanduku lile la miguu mitatu. Basi, ikiwa kioo cha ukubwa wa kiganja kinanasa familia nzima pamoja na mbuzi wao, kioo kirefu kuliko mlango kitanasa watu wangapi? Wale ambao hawakusoma waliucheka uvumi huo. Ni sisi tuliosoma tulioukubali.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo reli ilikwisha kufika Mwanza na vita ya pili ilikuwa haijafika. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kinu cha pamba, kijana mwembamba kiasi kwamba upepo wa ziwani ukivuma nilishika mlingoti wa bendera. Sisi tuliohitimu shule ya usiku tulikuwa na chama chetu cha dansi na chai, na nguvu zake zote ziliishia mwezi wa Desemba. Krismasi tulikula pamoja, Wakristo na Waislamu, kama tulivyokula pamoja Idi. Lakini siku ya Mwaka Mpya ilikuwa siku ya vyama. Vyama vyote vya mji vilikutana kwenye uwanja mmoja upande wa Butimba, kila kimoja na sare yake, na mji mzima ukaja kutazama.

Sare ndiyo ilikuwa vita yenyewe. Chama kilichoingia na vazi ambalo hakuna aliyelitarajia kilizungumzwa mpaka msimu wa pamba. Chama ambacho sare yake ilijulikana mapema, heri kingebaki nyumbani. Nchi ile ni nchi ya ngoma za mashindano. Wazee wetu vijijini walikuwa wakifichana dawa za kuvuta watazamaji. Sisi vijana wa mjini tulifichana vitambaa.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeaibika. Tuliingia uwanjani na kaptura za kaki na mikanda myekundu, vifua mbele, tukawakuta vijana wa reli wamekwisha kuingia na kaptura za kaki na mikanda myekundu. Watu wakatutazama sisi, wakawatazama wao. Halafu mama mmoja muuza maandazi akasema kwa sauti ya kusikika Ukerewe:

"Hawa wengine ni wa akiba. Wale wakichoka, hawa wanaingia."

Kicheko kile nakisikia mpaka leo nikila maandazi.

Kwa hiyo safari hii tuliapa. Mwenyekiti wetu, Mkerewe aliyekuwa akifanya kazi gatini, mtu wa sauti nene hata akinong'ona meli hujibu, alitukusanya akasema:

"Jamaa, mwaka jana kuna mtu alitoa habari. Sijui nani. Namtafuta. Mwaka huu nataka rangi ambayo haijapata kuonekana juu ya binadamu."

"Nyeusi?" mmoja akauliza.

"Nyeusi ni ya msiba na mapadri."

"Zambarau?"

"Tutaonekana makarani tuliomwagikiwa wino."

"Bwana, si ndivyo tulivyo?"

"Ndiyo, lakini wasijue kwa mbali."

Tukaiona katika duka lile la kioo kirefu, juu kabisa kwenye rafu, jora ambalo hakuna aliyewahi kuliomba. Kijani. Si kijani cha kawaida, ndugu msomaji. Kijani cha jani changa la mgomba asubuhi baada ya mvua. Mbuzi akipita mlangoni angelia. Tukakubaliana: makoti ya kijani kile, suruali nyeupe. Tukaapa kutomwambia mtu, kila mmoja na mkono wake juu ya kitabu cha hesabu, kwa kuwa Wakristo na Waislamu tulihitaji kitabu ambacho sote tulikiogopa.

Fundi tuliyempa kazi alikuwa mzee mmoja aliyekaa na cherehani yake barazani pa duka lile lile. Alikishika kitambaa, akakikwaruza kwa ukucha, akasema kina dondo jingi, kiloweshwe na kukaushwa kwanza, la sivyo makoti yatarudi mvua ya kwanza na sisi tutabaki na vizibao. Kweli kilikuwa na wanga wa kutosha kupikia uji kambi nzima ya wapagazi. Jumapili tukakipeleka ziwani, tukakilowesha, tukakikausha. Kisha tukakikunja, tukakitia katika magunia ya sukari, magunia tukayafunika kwa majani, na tukarudi mjini kwa njia za nyuma, wawili mbele, wawili nyuma, tukisimama kila kona kuangalia kama tunafuatwa. Mbwa mmoja alitufuata. Tulimfukuza kwa mawe kwa sababu hatukujua ni wa nani.

Makoti yalipokatwa na kupigwa bandi, ule mshono wa muda wa kupimia, tuliingia dukani mmoja mmoja kujaribu mbele ya kioo kile. Nilijitazama. Nilipendeza hadi nikaona haya kujitazama zaidi.

Siku chache baadaye nilikuwa napita karibu na stesheni. Vijana watatu wa reli walikuwa wamekaa juu ya mizigo. Mmoja akavua kofia, akainama:

"Bwana karani, shikamoo. Mgomba haujambo?"

Mwenzake akadakia, "Utazaa kabla ya Mwaka Mpya, au tusubiri?"

Nilikwenda gatini mbio, nikamkuta mwenyekiti, nikamweleza. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemeza mwiba wa sato.

"Tumeuzwa," akasema.

"Na nani?"

"Ndilo swali. Mimi sikusema. Wewe?"

"Mimi?"

"Nauliza tu. Mbona umeruka?"

Tangu saa ile hapakuwa na amani katika chama. Kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Aliyekohoa katikati ya mkutano alidhaniwa anatoa ishara. Tulimwekea fundi mlinzi: mmoja wetu alikwenda kukaa barazani kila jioni akisingizia kushonewa kifungo, akishonewa hukikata njiani, kesho hurudi nacho. Mzee akavumilia, mwishowe akamwambia:

"Mwanangu, shati hili lina kifungo kimoja au lina ugonjwa?"

Hatukupata kosa kwa fundi. Makoti aliyafunga ndani ya sanduku na ufunguo akauvaa shingoni. Basi ndipo mwenyekiti aliponiletea ule uvumi wa kioo, alioupata kwa baharia wa meli ya Bukoba, na mimi nikauongezea elimu ya mpiga picha. Yote yakatuelea. Tulijaribu makoti wapi? Mbele ya kioo. Habari zikatoka lini? Baada ya kioo. Mwenye duka anawauzia nguo watu wa reli? Anawauzia. Nini tena?

Nilikwenda dukani na shuka la kitanda changu.

"Karibu bwana," akasema mwenye duka. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mtu mzima, mpole, anayekijua Kisukuma kunishinda. "Unauza shuka?"

"Nataka kukifunika kioo."

"Kwa nini?"

"Kipumzike."

Akanitazama. Akakitazama kioo. "Kimekwambia kimechoka?"

Nikaona haina maana anizungushe. Nikamwambia tunajua kila kitu, sura zinakaa mle ndani, aseme tu ni nani anakuja kuzitazama. Alivua miwani yake akaifuta taratibu sana.

"Bwana karani," akasema, "mwezi uliopita mtu alijaribu kofia mbele ya kioo hiki akatoka nayo. Kama sura zinakaa humo, nifanyie hisani, mwite yule atoke arudishe kofia yangu."

Nilikasirika. Mtu asiye na hatia, nilijiambia, hafanyi mzaha. Nilimwachia shuka, nikatoka.

Lakini yote hayo yalikuwa ya chama. Langu mwenyewe lilikuwa zito zaidi.

Nilikuwa na mchumba. Alikuwa akikaa na kaka yake katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na kaka yake alikuwa, kama bahati yangu ilivyotaka, mpiga ngoma mkuu wa chama cha vijana wa reli. Baba yao alikuwa mkulima kule Usagara, karibu na Mwanza, mzee wa maneno machache. Alikuwa hajakubali wala kukataa. Alisema atakuja mwenyewe Butimba siku ya Mwaka Mpya aone.

Aone nini? Hapo lazima nieleze desturi yetu ya mjini siku hizo. Wachumba walikuja kwenye mkusanyiko ule wakiwa wamevaa rangi moja. Msichana akisimama ubavuni mwa kijana na khanga au gauni linalolingana na koti lake, hakuna aliyehitaji kuuliza. Wazee walianza kupeleka ujumbe kesho yake. Akija na rangi nyingine, akasimama upande mwingine, hapo pia hakuna aliyehitaji kuuliza. Kijana huyo atafute kwingine, na afadhali atafute mbali.

Mchumba wangu alinikuta sokoni, amebeba kapu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Bwana Msomi," akasema. Ndivyo alivyoniita akitaka kunichokoza. "Baba anakuja. Utavaa nini?"

"Nguo."

"Nguo zipi?"

"Nzuri."

"Rangi?"

Nilitazama kulia na kushoto. Nilikumbuka kile kitabu cha hesabu chini ya mkono wangu. Nilimkumbuka kaka yake na ngoma yake. Na sauti ya mwenyekiti ilikuwa masikioni: kuna mtu alitoa habari. Mwaka jana nilimwambia huyu binti juu ya mikanda myekundu? Nilimwambia. Kaka yake anakula naye kila siku? Anakula. Nikamtazama yule binti niliyempenda kama askari anavyomtazama mtu asiye na stakabadhi ya kodi.

"Kwa nini unataka kujua?" nikasema.

Aliliweka kapu chini. "Kwa nini? Nimuulize nani, mzee wa soko?"

"Nauliza tu. Mbona umeruka?"

Kisha akasema polepole, "Sikia. Mimi sitakwenda kusimama mbele ya baba yangu nikibahatisha rangi kama mcheza karata. Niambie, nisimame nawe. Usiponiambia, nitakuja na watu wa kaka yangu, nitakaa na watu wa kaka yangu, na nitarudi na watu wa kaka yangu."

Nilimpelekea mwenyekiti shauri hilo. Alifikiri sana, huku akikuna tumbo, kisha akatoa mpango ambao siku ile niliuona wa kiserikali kabisa. "Mwambie rangi ya uongo. Mwambie nyekundu. Halafu tega masikio. Vijana wa reli wakianza kukuuliza habari za nyekundu, umempata mwizi wako."

Nikafanya hivyo. Nilimkuta kisimani, nikashusha sauti, nikamwambia: "Nyekundu."

"Nyekundu?" akauliza.

"Nyekundu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Alinitazama usoni kwa muda ambao ng'ombe angeweza kuzaa na ndama akasimama. "Haya," akasema, akajitwisha mtungi wake akaenda.

Nikatega masikio. Nilipita stesheni asubuhi nikienda kazini ingawa kinu cha pamba kilikuwa upande mwingine kabisa. Nilipita jioni. Wakaniona.

"Bwana mgomba! Leo umepaliliwa?"

Kesho yake tena mgomba. Kesho kutwa, ndizi. Nyekundu hakuna. Hakuna aliyetaja hata nyanya. Mtu mwingine angefurahi: mchumba wake hakusema neno. Mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa shaka, nilijiambia ndiyo hila yenyewe. Amenyamaza ili nimwamini.

Krismasi ikapita, nikala wali bila kuusikia ladha. Ndipo, nikiwa napiga pasi suruali yangu nyeupe, likaniangukia jambo ambalo hata mtoto angeliona siku ya kwanza. Nilimwambia nyekundu. Basi atakuja na nyekundu. Mimi nitakuwa na kijani. Mzee wa Usagara atatutazama, yeye kama pilipili na mimi kama mgomba, ataondoka bila hata kuuliza maji. Na kwenda kumwambia kweli sasa ni kuvunja kiapo, tena mbele ya nyumba ya kaka yake, na chama kizima kitasema: kumbe ni wewe.

Sikwenda. Nilipiga pasi suruali ile mpaka ikasimama yenyewe.

Siku ya Mwaka Mpya jua liliwaka kana kwamba lilikuwa limealikwa. Tuliingia uwanjani tumepanga safu. Watu hawakushangaa. Walipiga makofi, ndiyo, lakini makofi ya kumpokea mgeni ambaye barua yake ilikwisha kufika. Mama wa maandazi akatamka, "Kwa karibu ni kizuri zaidi," na mimi sikuelewa. Nilimtazama mwenyekiti, naye alikuwa akimtazama mweka hazina, mweka hazina alikuwa akinitazama mimi. Jasho lilinitoka kiasi cha kuliongeza ziwa kina.

Vijana wa reli waliingia baada yetu na kanzu nyeupe, makoti meusi na ngoma zao. Mzee wa Usagara alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, fimbo kati ya magoti. Nikaanza kutafuta nyekundu. Niliona kilemba chekundu. Alikuwa bibi kizee. Niliona gauni jekundu. Mke wa mtu.

Kisha nikamwona. Alikuwa amesimama kwenye lango, katikati ya watu wa kaka yake, kama alivyoahidi. Alikuwa amejifunga khanga mabegani kwa namna ya kuficha vazi lake lote. Alinitazama, mimi na koti langu, toka kola mpaka vifungo. Hakucheka. Nikavuka uwanja ule peke yangu, mji mzima ukinitazama mgongoni.

"Shikamoo shemeji," nikamwambia kaka yake, ingawa tulikuwa rika moja. Woga huleta adabu.

"Marahaba," akajibu bila haya.

Binti akasema, "Bwana Msomi, nakuuliza mara ya mwisho, na baba anatazama. Umevaa nini?"

Swali la kitoto kabisa. Koti lilikuwa mwilini mwangu. Lakini nilielewa anachotaka. Alitaka kinywa changu kiseme.

"Kijani," nikasema.

"Kelele za ngoma. Sikusikia."

"Kijani! Nimevaa kijani. Tangu mwanzo ilikuwa kijani."

Akaifungua khanga akamkabidhi kaka yake. Ndani alikuwa na gauni la kijani kile kile, kijani cha jani changa la mgomba, la jora lile lile, limemkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Akaja akasimama ubavuni mwangu. Kule kwenye kiti cha heshima niliona fimbo ikigonga ardhi, na yule mzee wa maneno machache akatikisa kichwa chake juu na chini.

Furaha ilinijia, lakini ile shaka haikutoka. Ilikuwa imekwisha kupanga chumba. Nikainama nikamnong'oneza:

"Ni kioo, siyo? Mwenye duka alikuonyesha kioo."

"Kioo gani?"

Nikamweleza yote, sura zinazonasa, dawa ya kufuta, baharia wa Bukoba. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwa baba yake, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Kioo ni kioo," akasema. "Ile Jumapili mlianika kitambaa chote juu ya mawe ya ziwani, mkakibana kwa vijiwe kisipeperuke, mkakaa kando yake mnaimba mpaka jioni. Mimi nilikuwa nachota maji, na kesho yake nikanunua kipande cha jora lile dukani. Mji mzima uliona."